Likizo ndefu na kazi ya kijana: tutazame amana kabla ya ujira

Kila ifikapo Julai, vyuo vikuu vyetu vingi huwa vimemaliza mwaka wa masomo, na wanafunzi hurejea majumbani hadi Oktoba au Novemba. Vijana waliofanya mtihani wa kidato cha sita mwezi wa Mei nao huwa wanasubiri matokeo na nafasi za kujiunga na vyuo. Hivyo kwa muda wa miezi mitatu hivi, nyumba za Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke hujaa vijana wenye afya na elimu lakini wasio na shughuli maalumu. Wapo wanaolala mpaka adhuhuri na kukesha na simu. Lakini wengi, Alhamdulillah, hutoka asubuhi kwenda kutafuta riziki, na kwa mkazi wa katikati ya jiji la Dar es Salaam mahali pa kwanza pa kuitafuta ni sokoni Kariakoo.

Mzazi humwona mwanawe anarejea jioni na shilingi elfu kumi mfukoni, akamshukuru Mola. Ni haki yake kushukuru. Lakini liko swali ambalo nyumba nyingi haziliulizi: zile elfu kumi zimepatikanaje, na kazi iliyozileta inamfundisha nini kijana huyu ambaye kesho ataitwa daktari, mhandisi, mwalimu au mhasibu? Tahariri ya mwezi huu inalielekea swali hilo. Rai yetu ni kwamba kazi bora ya likizo ni ile ambayo kijana hukabidhiwa amana inayojulikana, akahesabiwa kwayo, na ujira wake ukatajwa kabla kazi haijaanza. Kazi yenye sifa hizo, hata ikiwa malipo yake ni madogo, humjenga. Isiyo nazo, hata ikimjaza mfuko, humharibu.

Mfano wa Nabii Musa

Tunapotafuta mizani ya kuchagulia kazi, Qur'ani Tukufu imetusimulia kisa cha kijana aliyekuwa ugenini, hana mali wala ndugu, akapata kazi. Huyo ni Nabii Musa, amani iwe juu yake, alipofika Madyan, kama tunavyosoma katika Suratul Qasas. Mambo matatu katika kisa hicho yanatuhusu moja kwa moja.

Kwanza, Musa alifanya wema kabla hajaomba kazi: aliwanyweshea mifugo wale mabinti wawili, kisha akaenda kukaa kivulini akimwomba Mola wake kheri. Pili, binti aliyemshauri baba yake amwajiri alitaja sifa mbili tu za mwajiriwa bora, nazo ni nguvu na uaminifu. Hakuuliza kabila lake wala nani anamjua. Tatu, mapatano yalikuwa wazi: muda ulitajwa kuwa miaka minane, na kumi ikiwa Musa mwenyewe atapenda kutimiza, malipo yalitajwa, na mwajiri akaahidi kutomtaabisha. Haya yalipita mbele ya Mwenyezi Mungu akiwa ndiye Wakili juu ya waliyoyasema.

Wanazuoni wa tafsiri wameeleza kwamba neno nguvu hapa lina maana ya uwezo wa kuifanya kazi yenyewe. Nguvu ya mchungaji ni misuli. Nguvu ya mhasibu ni kujua hesabu. Nguvu ya mkalimani ni ulimi. Uaminifu bila uwezo huharibu kazi, na uwezo bila uaminifu humharibu mwenye kazi. Basi mwanachuo anayetafuta kazi ya likizo na ajiulize mambo mawili: je, kazi hii itaniongezea uwezo, na je, itaupima uaminifu wangu au itaumaliza?

Mtume wetu (SAW) naye alichunga kondoo wa watu wa Makka kwa ujira katika ujana wake, kisha akasafiri na mali ya biashara ya Bi Khadija (RA) kabla ya kumuoa. Ilikuwa ni mali ya mtu mwingine iliyo mikononi mwake, mbali na macho ya mwenyewe. Uaminifu wake katika safari ile ndio uliomfanya bibi yule amtambue. Tuseme basi kwamba kazi ya ujanani ni mahali ambapo tabia ya mtu hudhihirika na kukaa.

Kijana na kazi ya uwinga

Tuje sasa Kariakoo kwenyewe. Eneo hili lilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo tangu jina lake, Kariakoo ni mahali pa watu wanaobeba mizigo ya wengine. Leo mizigo hiyo huenda Mwanza na Mbeya, huvuka mipaka hadi Kongo, Zambia na Malawi, na hupanda majahazi na meli kwenda Komoro. Jengo la soko kuu lililofunguliwa mwaka 1975 liliungua Julai 2021, lakini biashara ya mitaa inayolizunguka haikusimama.

Katika mitaa hiyo, kazi iliyo rahisi kuliko zote kwa kijana asiye na mtaji ni ile iitwayo uwinga. Winga hana duka wala meza. Husimama karibu na milango ya maduka ya Mtaa wa Kongo na mitaa ya jirani, akampokea mteja, akamuuliza anachotaka na kumpeleka kilipo. Tuseme mwenye duka anauza mkoba kwa shilingi 20,000. Winga humtajia mteja 28,000, na hizo 8,000 zikawa zake. Siku hizi hata kusimama juani si lazima. Kijana hupiga picha za viatu na magauni ya duka la mtu, akaziweka katika WhatsApp au Instagram kana kwamba ni mali yake, mteja wa mkoani akatuma fedha kwa simu, na hapo ndipo winga anapoingia dukani kununua.

Hatuandiki haya kuwatukana mawinga. Wengi ni vijana wachapakazi wanaolisha wazazi wao, na mgeni asiyelijua soko hunufaika na mtu wa kumwongoza. Wala udalali si kitu kipya kwa mafakihi. Imamu Bukhari ameweka mlango maalumu katika Sahihi yake kuhusu ujira wa dalali, akawataja baadhi ya wanazuoni wa zama za tabiina, miongoni mwao Ibn Sirin na Atwaa, ambao hawakuona ubaya katika ujira huo. Akaipokea pia rai ya Ibn Abbas (RA) kwamba hapana ubaya mwenye nguo kumwambia mtu aiuze, na kitakachozidi bei fulani kiwe chake. Wengi katika mafakihi waliokuja baadaye, wakiwamo wa madhehebu yetu ya Shafi, hawakuiridhia sura hii ya mwisho kwa sababu ujira wake haujulikani. Lakini waliokubali na waliokataa wote wanazungumzia mapatano ambayo mwenye mali anayajua na kuyaridhia.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Tatizo la uwinga linakuja pale kijana anapojigeuza sura kulingana na anayezungumza naye. Kwa mteja hujifanya mwenye duka. Kwa mwenye duka hujifanya mnunuzi. Mteja akimwambia, "Ndugu yangu, nitafutie bei nzuri," naye akaitika, basi amekwisha kuwa wakili wa mteja, na wakili hafichi bei kwa aliyemtuma. Tunayo hadithi ya Urwa al-Bariqi (RA), ambaye Mtume (SAW) alimpa dinari moja amnunulie kondoo. Urwa akanunua kondoo wawili kwa dinari ile, akamuuza mmoja kwa dinari, kisha akarudi na kondoo na dinari yote. Aliyemtuma alitaka kondoo tu, na lau angetaka angeweza kuificha dinari. Hakuificha, na Mtume (SAW) akamuombea baraka katika biashara yake, hata ikasimuliwa kwamba alikuwa akipata faida katika kila anachokigusa.

Ama huyu anayeuza kwa picha kitu ambacho hajakimiliki, naye na asome habari ya Hakim bin Hizam (RA), sahaba aliyekuwa mfanyabiashara. Alimuuliza Mtume (SAW) kuhusu mtu anayemjia akitaka kununua kitu ambacho hana, naye akaenda sokoni kukinunua ndipo ampe. Akakatazwa kuuza asichokuwa nacho. Mtu angedhani swali hili limeulizwa jana katika Mtaa wa Msimbazi.

Kwa kijana anayetaka kuendelea na kazi hii kwa njia safi, milango iko mitatu, na yote iko wazi. Mlango wa kwanza ni kupatana na mwenye duka awe muuzaji wake kwa ujira unaojulikana kwa kila bidhaa au kwa kila siku, naye auze kwa bei ya duka. Wa pili ni kumwambia mteja waziwazi: "Mimi ni mtumwa wako, bei ya duka ni hii, na ujira wangu wa kukutafutia na kukusafirishia ni huu." Wa tatu ni kununua bidhaa, kuipokea mkononi, kisha kuiuza kwa faida anayoitaka, kwani hapo amekuwa mfanyabiashara mwenye mali yake na hasara ikija ni yake. Tunawajua vijana wanaofanya hivi, na wateja wao wa mikoani huwarudia mwaka hadi mwaka.

Kwa nini tunasumbuka kiasi hiki kwa ajili ya shilingi elfu nane? Kwa sababu mwanachuo hatabaki winga. Kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hututajia fedha za umma zilizokosa stakabadhi na malipo yasiyoelezeka, nasi husikitika misikitini na barazani. Wanaohusika na mambo hayo ni watu waliosoma, nao walikuwa vijana kabla ya kuwa maafisa. Kijana aliyezoea kwa miezi mitatu kuwa na bei mbili kinywani mwake, akajiambia kwamba ndiyo ujanja wa mjini, ataingia ofisini na somo hilo likiwa limekwisha mwingia, wala hakuna chuo kitakacholifuta kwa mtihani.

Kazi ambazo hazina mjadala

Zipo kazi nyingine za likizo ambazo hazihitaji maelezo marefu. Vibanda vya kubeti vimeenea mijini, navyo hupenda kuajiri vijana wasomi wa kukaa dirishani kupokea fedha. Kamari ni kamari, na anayeikatia tiketi ni mshirika wake. Zipo pia kazi za kampuni za mikopo ya riba, ile ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la "kausha damu". Kijana hupewa simu na orodha ya majina, kazi yake ikawa ni kuwapigia wadaiwa, na hata jamaa zao, kuwatisha na kuwaaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya makumi ya majukwaa ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Mwanachuo ambaye mama yake mwenyewe pengine anadaiwa mtaani hastahili kulipwa kwa kumtoa machozi mama wa mwenziwe.

Na iko aina ya tatu, iliyojificha zaidi: duka ni halali, bidhaa ni halali, lakini mwajiri anamtaka kijana apunje. Anaambiwa aivute futi kamba anapopima kitambaa cha jora; apange nguo nzuri juu ya robota na mbovu chini; aandike katika risiti kiasi kidogo kuliko alichopokea. Suratul Mutaffifin yote imefunguliwa kwa onyo kwa wapunjaji wa vipimo. Na Mtume (SAW) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la chakula akakuta unyevu chini yake, alimtaka mwenyewe auweke juu ili watu wauone. Kijana akiamriwa kupunja, ana haki ya kukataa kwa adabu, na asiposikilizwa aondoke. Riziki iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, wala haimo katika mkasi wa tajiri yule.

"Lakini sina budi"

Tunajua litakalosemwa. Atasema kijana: nyinyi mnazungumza kwa raha, mimi nasoma kwa mkopo wa Bodi, fedha za kujikimu zimekwisha, baba ni mgonjwa, na mdogo wangu anadaiwa michango shuleni. Nitachaguaje kazi?

Hoja hii ina haki ya kujibiwa kwa heshima. Dhiki ni kweli. Na kwa sababu dhiki ni kweli, ndiyo maana hatukusema kijana asubiri kazi ya ofisini yenye kiyoyozi. Kubeba mizigo ni kazi ya heshima. Kuuza maji, kuosha vyombo katika mgahawa, kupakua kontena, kusukuma mkokoteni, zote ni kazi za heshima. Mtume (SAW) alimsifu mtu anayechukua kamba yake, akaenda kukata kuni na kuzibeba mgongoni akaziuza, kuliko yule anayeomba watu. Abdurrahman bin Auf (RA) alipohamia Madina bila kitu na kupewa nusu ya mali na ndugu yake wa Kiansari, alimshukuru, akaomba aonyeshwe soko lilipo. Mwenye shida huanza na kazi yoyote ya halali iliyo karibu naye, nayo inatimiza sharti letu: mzigo anaoukabidhiwa mpagazi ni amana inayohesabika, na ujira wake hutajwa kabla hajaunyanyua.

Kinachokatazwa ni kudhani kwamba dhiki huhalalisha hila. Na mara nyingi, tukichunguza, anayesema "sina budi" anazo njia mbili mbele yake, moja ya elfu sita iliyo safi na nyingine ya elfu kumi yenye doa. Hiyo elfu nne ya katikati ndiyo mtihani wake.

Ofisi kubwa zisizo na kazi

Upande wa pili wapo wanafunzi wasiohitaji sana fedha, au ambao kozi zao zinawataka kwenda mafunzo kwa vitendo. Hawa hukimbilia majina. Kila mmoja anataka barua ya ofisi kubwa ya Posta au Upanga, na wazazi husaidia kutafuta mtu wa ndani. Matokeo yake kijana hukaa wiki nane kwenye kiti, akitumwa chai na kutoa nakala, akimaliza nauli ya mwendokasi kila siku, kisha akapigiwa muhuri kwamba amehitimu mafunzo. Hakukabidhiwa kitu, kwa hiyo hakuhesabiwa kwa kitu. Kwa mizani yetu, huyu amepoteza likizo yake kama aliyelala nyumbani, tofauti ni kwamba yeye ametumia nauli.

Hatusemi asiende ofisi kubwa. Tunasema aulize kabla ya kupeleka barua: nitakuwa chini ya nani? Ni kazi gani itakayokuwa juu yangu mwenyewe? Mwisho wa muda nitakuwa nimemaliza nini cha kuonyesha? Kama majibu hayapo, ofisi ndogo yenye mafundi wawili na fundi mkuu mwenye subira ni bora.

Na papa hapa Kariakoo ipo kazi inayowasubiri wanafunzi wa uhasibu, biashara na kompyuta, nayo imo ndani ya maduka ya waumini wanaoswali nao safu moja. Maduka mengi yetu bado yanaendeshwa kwa daftari moja na kumbukumbu ya kichwa cha mwenyewe. Mwenye duka anajua alichouza leo, lakini ukimuuliza mali iliyomo stoo ina thamani gani, atakisia. Wadeni wake wa mikoani amewaandika katika vipande vya karatasi. Ukifika mwezi wake wa kutoa zaka, naye hutoa "kitu" kwa makisio.

Sasa zaka ya biashara haitolewi kwa makisio. Mfanyabiashara anatakiwa, mwaka wake wa Hijria ukitimia, ahesabu bidhaa zilizopo kwa bei ya siku hiyo, aongeze fedha taslimu na madeni anayotarajia kulipwa, kisha, ikiwa jumla imefikia nisabu, ambayo kwa dhahabu ni takriban gramu 85, atoe asilimia mbili na nusu. Mtu mwenye bidhaa za shilingi milioni 60 anayedhani ana milioni 40 amebakisha laki tano za mafukara katika stoo yake bila kujua. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhasibu anaweza kuifanya kazi hiyo kwa mwezi mmoja: kuhesabu mali robota kwa robota, kuandika wadeni na tarehe zao, na kumwachia mwenye duka jedwali analoweza kuliendeleza mwenyewe. Kijana atakuwa amejifunza hesabu za kweli kuliko zile za ubaoni, atakuwa amekabidhiwa siri ya mali ya mtu akaitunza, na atakuwa na kitu cha kuonyesha. Mwenye duka atakuwa ameijua biashara yake. Na fukara wa mtaani atakuwa amepata haki yake.

Mfano huu una ndugu zake. Wanafunzi wa ualimu wanaweza kufundisha masomo ya ziada kwa watoto wa kidato cha pili na cha nne wanaojiandaa na mitihani ya Novemba, kwa ada ndogo, katika madrasa zinazokaa tupu asubuhi. Waliosoma Kiarabu au Kifaransa wanaweza kuwa wakalimani wa wafanyabiashara wa Komoro na Kongo wanaokuja kununua. Serikali nayo huhitaji vijana wanaojua kusoma na kuandika vizuri pindi zinapotokea kazi za muda kama ile ya ukarani wa sensa ya Agosti 2022, na ajuaye kuutumia muda wake hufuatilia matangazo hayo mapema.

Wajibu wa mwenye kuajiri

Itakuwa si uadilifu kuwausia vijana peke yao. Waajiri wengi wa Kariakoo ni wazee wetu wa safu ya mbele, na baadhi yao huwachukua vijana wa likizo kwa maneno matamu: "Njoo tu mwanangu, hatutakosana." Mwezi unaisha, kijana anaona haya kudai, na mzee anampa alichojisikia. Huku si kusaidia. Hadithi ya kumlipa mwajiriwa kabla jasho lake halijakauka tunaijua sote. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Ikiwa deni huandikwa, vipi ujira wa kijana usiandikwe hata katika nusu ukurasa?

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kwa kawaida ukomo wa saa tisa za kazi kwa siku na saa 45 kwa wiki, na inamtaka mwajiri ampe anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya saa nzima. Saa hiyo inatosha chakula na swala ya adhuhuri kwa jamaa. Inataka pia masharti ya kazi yatolewe kwa maandishi, na migogoro ina Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya kuisikiliza. Mzazi na kijana wayajue haya kabla, ili yawe msingi wa mapatano mema, yasije yakawa silaha baada ya ugomvi.

Tusisahau usalama. Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo asubuhi, watu wakiwa kazini na madukani, na zaidi ya 20 wakafariki. Wengine walinaswa chini kwa siku kadhaa. Mwenyezi Mungu awarehemu. Mzazi anayempeleka mwanawe kufanya kazi ana haki ya kwenda kupaona mahali penyewe: stoo iko wapi, njia ya kutokea iko wapi, nani anafunga mlango. Kwa mabinti zetu sharti hili lina uzito zaidi. Nao wana haki ya kufanya kazi na kujifunza, na soko lina wanawake wafanyabiashara waadilifu ambao ni walimu bora kwao. Lakini saa za kurudi nyumbani, nani yuko naye dukani, na heshima yake mbele ya wateja, ni mambo ya kuafikiwa siku ya kwanza. Na kwa kuwa tangu Februari 2025 ulizinduliwa mpango wa biashara ya saa 24 Kariakoo, suala la zamu za usiku nalo lisiachwe bila jibu.

Misikiti yetu ifanye nini

Misikiti ya Kariakoo na pembezoni mwake haina upungufu wa watu wala wa mali. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaunganisha. Tunapendekeza jambo jepesi. Kila mwezi wa Juni, kamati ya msikiti ifungue daftari mbili. Katika la kwanza waandikwe wafanyabiashara walio tayari kuchukua mwanafunzi mmoja au wawili kwa likizo, na kazi watakayowapa itajwe kwa jina. Katika la pili waandikwe wanafunzi na fani zao. Baada ya swala ya Ijumaa wakutanishwe, mzazi awepo, ujira na muda utajwe, na karatasi iandikwe mbele ya mashahidi wawili. Mwezi wa Oktoba pande zote mbili ziulizwe: kijana alifanya nini, na je, alilipwa? Hakuna gharama katika hili isipokuwa bei ya madaftari.

Kwako kijana, tunakuachia maswali manne ya kujiuliza kabla ya kusema ndiyo. Nitakabidhiwa nini? Nani atanihesabu? Ujira wangu ni kiasi gani na utalipwa lini? Na je, ninaweza kumweleza mama yangu, neno kwa neno, jinsi nilivyoipata fedha ya leo? Ukiweza kuyajibu yote bila kusitasita, shika kazi hiyo hata kama wenzako wanaicheka. Ukishindwa la nne, hayo matatu ya kwanza hayatakufaa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaruzuku vijana wetu riziki ya halali, awape waajiri wetu moyo wa uadilifu, na azijaalie likizo zao ziwe za kheri kwao na kwa wazazi wao.

Wabillahi tawfiq.